Kitunga Kilichorudi Kimejaa

Wiki iliyopita tulimzika Mama Solange. Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake, tukakaa chini ya turubai, tukapewa chai ya maziwa na mkate, na mjukuu wake, binti wa miaka kama ishirini anayesomea sheria hapa hapa Goma, akavuta kiti akaketi karibu nami. "Tantini," akaniuliza, "weye na koko wangu mulijuana namna gani?" Nikamjibu kwamba tulikuwa majirani kule Mabanga. Jibu la hovyo kabisa. Niliona halikumtosha, lakini pale palikuwa na watu, palikuwa na wanaume, na maneno niliyopaswa kuyasema hayasemwi mtu akiwa ameshika kikombe cha chai. Nilirudi nyumbani nimejichukia. Miaka miwili kabla ya kufa, akiwa kitandani hospitalini, miguu imevimba, Mama Solange mwenyewe aliniambia: "Riziki, wakati niko muzima, funga kinywa. Nikikufa, sema. Hii mambo isikufe na miye." Basi amekufa, na mimi ninasema. Binti yule akisoma haya atajua kwa nini nilimficha mengine mbele ya watu.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nani alinizaa, hayo hayatasaidia kitu hapa. Mwaka ninaousema ni ule ambao mlima ulipasuka, moto ukashuka ukala katikati ya mji mpaka ziwani. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilijua Kifaransa cha shule ya masista, nilijua kupiga mashini ya kuandika kwa vidole vyote kumi bila kuangalia, na kwa ajili ya mambo hayo mawili nilijiona sana. Nilifanya kazi kwa Maître Anselme, mwanasheria mfupi, mwenye jasho jingi na kitambaa cha kulifuta kisichokauka, aliyekuwa na biro, ofisi ndogo ya kutetea watu waliofungwa na kuteswa. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Wao ndio walikuwa serikali, wao polisi, wao korti, wao jela, kwa hiyo ukidhulumiwa na wao unakwenda kuwashitaki kwao wenyewe. Siku moto uliposhuka, Maître alikimbia na kitabu chake kinene cha sheria kifuani, mimi na mashini kichwani, na hakuna kati yetu aliyekumbuka mafaili. Tulikuwa tumeshavuka mpaka, tuko Gisenyi barabarani katikati ya magodoro na mbuzi na watoto wanaolia, ndipo yeye akasimama ghafla, akaketi juu ya jiwe. "Riziki," akasema, "batu bale bote." Ushuhuda uliokusanywa kwa zaidi ya miaka mitatu, wa watu waliolia mbele yetu ili wauseme, ulikuwa umeungua. Nilimwona analia, mwanaume mwenye suti, mbele ya kila mtu. Mimi sikulia. Nilikuwa namkasirikia kwa kunifanya nibebe chuma kizito badala ya karatasi.

Tuliporudi, biro ilikuwa chini ya mawe meusi marefu kuliko mtu. Tukahamia sebuleni kwa shangazi yangu, Tantini Vumilia, nyumba ya mbao na mabati kule Mabanga ambako moto haukufika. Chumba kilikuwa na meza moja tu. Nusu yake ilikuwa ya mashini na karatasi za kaboni, nusu ya pili Tantini alichambulia maharagi na kukatia sombe, majani ya muhogo, na kati ya chumba hicho na jikoni palikuwa na rido, pazia la maua lililofifia, ambalo lilificha sufuria lakini halikuzuia hata neno moja. Mitaa michache kutoka kwetu mawe mapya yalikuwa bado na moto ndani yake. Wanawake walitandaza nguo juu yake zikakauka upesi, na mvua ikinyesha ule upande wote ulitoa moshi. Tulifanya kazi hivi: mtu anakuja, anaketi kwenye kiti chenye mgongo, anasema kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda, mimi ninapiga kwa Kifaransa nakala tatu, kisha ninamsomea tena yote kwa lugha yake, naye anaweka kidole gumba kwenye wino. Maître alikuwa na amri moja tu kwangu: usiongeze, usipunguze.

Mimi nilipunguza. Nasema wazi, maana bila hilo hamtaelewa lililofuata. Kulikuwa na mambo ambayo kidole changu kilikataa kuyapiga. Mtu akisema walimnywesha mkojo, mimi niliandika kwamba alinyimwa maji safi. Mwanamke akisema walimvua, mimi niliandika kwamba hakutendewa vizuri. Niliona ni malezi mema, niliona ninawastiri wale watu, na wao nikiwasomea walitikisa kichwa haraka haraka, wakaweka kidole na kushukuru. Maître hakujua. Saa sita tulikula pamoja, maharagi na avoka, na yeye akiwa na kijiko hewani alitufundisha mimi na Tantini kama tuko darasani. Alisema sheria nyingi zina mlango wa nyuma: vita ikija, wakubwa wanapitia pale na kuziacha kando kwa muda. Hii ya mateso haina mlango wa nyuma. Hata kukiwa na vita, hata mlima ukipasuka, hata mkubwa akitoa amri, ni marufuku. Na alisema watu wanasoma neno la mateso wanasimama hapo, wanafikiri habari ni fimbo na damu, kumbe mbele kuna neno lingine, kumdhalilisha mtu, na hilo nalo ni marufuku sawa sawa. "Kumupiga mutu inaumiza mwili," alisema. "Kuna ile ingine inamutosha mutu ndani ya batu, inamutoa asikuwe mutu tena. Hiyo pia iko ndani ya sheria." Tantini alimuuliza kama anataka avoka nyingine.

Mama Solange alikuja kwetu miezi mitatu hivi baada ya mlima. Nilimjua kwa sura, alikaa njia ya pili kutoka kwetu, mwanamke mrefu wa milima ya Masisi, mpole, anayeuza viazi mlangoni kwake. Siku ile alikuja na kitunga kichwani, akakiteremsha, akaketi pembeni kabisa ya kiti, akatueleza. Mume wake alikuwa amepotea, watu wanasema amejiunga na kundi lingine porini. Askari walikuja kumtafuta, hawakumpata, wakamchukua baba wa yule mume. Walimfungia kwenye konteneri ya chuma nyuma ya nyumba moja kubwa waliyoichukua, pamoja na wengine. Maître akauliza jina la mfungwa. Mama Solange hakulitaja. Akaangalia chini, akafungua ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga, akatoa kadi ya uchaguzi ya zamani iliyokunjwa, akaiweka mezani. Maître akasoma mwenyewe: Sebatunzi. Mimi nilielewa mara moja, maana na kwetu ni hivyo. Kwa watu wetu wanaosema Kinyarwanda, mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe. Hali chakula pamoja naye. Anapomletea chakula anapiga magoti mlangoni, anaweka sahani, anatoka kinyumenyume bila kumtazama usoni, na mzee hagusi chakula mpaka yule ametoka. Wanaishi nyumba moja miaka ishirini na mpaka huo kati yao, na mpaka huo ndio heshima ya nyumba.

Konteneri ile haikuwa na chakula cha serikali. Mfungwa alikula kile ambacho familia ilimletea, na asiye na familia aliomba wenzake. Muzee alikuwa na huyu mmoja tu mjini. Mama Solange alipika kila asubuhi, akapeleka, askari wakaonja kwanza wanavyotaka, kisha wakaingiza. "Lakini tangu siku tano," alisema, "kitunga inarudia imejaa. Hakuna kintu imeguswa." Maître akauliza: askari wanamnyima? Mama Solange akavuta kitunga chake karibu. Tena akasema: "Andika hivyo." Maître alifurahi, Mungu anisamehe kusema hivyo, lakini alifurahi kama mtu aliyepata ushahidi ulionyooka. Kumnyima mfungwa chakula ni kitu ambacho hata komanda mjinga anaelewa. Akaenda kumwona mtu wa faili nyingine, akaniacha nipige.

Mama Solange akapita rido kwenda kumsaidia Tantini kukata sombe, na mimi nikiwa kwenye mstari wa tatu nikasikia sauti yake ikibadilika. Alisema chini chini, kwa Kinyarwanda. Siku ya nne ya kifungo cha muzee, alipofika na kitunga, askari walikuwa wamekwisha kunywa. Wakafungua konteneri, wakamtoa muzee, wakamwambia avue nguo. Akavua koti. Wakamwambia zote. Wakamrusha chura uwanjani, mzee wa miaka sabini, wakamwambia aimbe huku anaruka, na mmoja akamshika Mama Solange kidevu, akamgeuza uso: angalia baba mkwe wako, angalia vizuri. "Na yeye aliniona, Mama Vumilia. Tuliangaliana." Kisu cha Tantini kilikuwa kimenyamaza. "Hakatai chakula," akasema. "Anakataa mukono yangu. Hawezi kukula kintu nimegusa, juu kila akiona ile sahani anajua miye niliona." Alilia bila sauti, namna ya wanawake wanaolala chumba kimoja na watoto. Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi, na rido ilikuwa imefunguka kidogo. Akaniona. "Riziki," akasema, "usiandike ile. Niapie." Nikaapa. Sikufikiri hata kidogo. Nilirudi kwenye mashini, nikapiga kwa Kifaransa kizuri sana kwamba askari wanamnyima mfungwa chakula tangu siku tano, nikamsomea, akaweka kidole.

Kesho yake Maître alinichukua niandike maneno ya komanda wa jela ile. Komanda alikuwa kijana, mwenye saa kubwa na sauti ya upole, ofisini kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa cha kulia, maana kabati la sahani lilikuwa bado lipo na ndani yake risasi zimepangwa. Alisoma karatasi yetu yote, polepole. Tena akaita askari, akamwambia alete kitunga. Kililetwa, kimefunikwa na kitambaa cha Mama Solange, naye akakifunua kwa vidole viwili: bugali nzima, sombe, samaki wadogo wa sambaza, watano wa kukaanga, wamelala vizuri. "Chakula inaingia kila siku, Maître," akasema. "Ni muzee njo anakataa. Ulizeni bafungwa benzake." Akatupeleka mwenyewe mpaka konteneri, akagonga chuma, akauliza ndani kwa sauti kama kuna mtu ananyimwa chakula. Wakajibu hapana. Akafungua mlango nusu. Harufu ilinipiga nikarudi nyuma. Muzee alikuwa ameketi kwenye kona, magoti juu, koti lake limefungwa vifungo vyote hadi shingoni katika joto lile, na mashavu yake yameingia ndani. Hakutuangalia. Komanda akafunga. "Kumbe munaandika uongo," akasema, bado kwa upole. "Biro ya uongo nitaifunga. Na huyu muzee, kwa vile anatuletea kelele, siku ya tatu anaenda kambini, njia ya Rutshuru. Kule familia haifiki." Maître akajaribu kusema sheria. Komanda akasema tuko vitani. Maître akamjibu kwamba kwa jambo hili hakuna vita, lakini nilijua kwamba hata yeye hajiamini kwa sababu ya karatasi yetu.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika mezani Maître akaweka kitambaa chake cha jasho juu ya mashini yangu, akaniuliza: "Riziki, ulijua?" Ningeweza kukana. Nilijua sura yake, angeniamini. Nikaanza kulia kabla sijajibu, na machozi yakajibu. Nikamwambia yote, na ya mkojo, na ya wale wanawake wa nyuma, kila nilichopunguza. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo. Hakupiga kelele. Alisema, "Neno ulitosha kwa karatasi, njo ile sheria iliweka. Banamufanyia kintu ambayo dunia nzima ilikataa kwa maandishi, na weye unasafisha. Unabasaidia." Nikamwambia nilikuwa nawastiri wale watu. "Unastiri basoda, bale askari," akasema. Neno lile limenichoma miaka yote hii, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu nilimchukia alipolisema. Tena akanieleza kwamba kuna mjumbe wa haki za binadamu kutoka nje, mwanamke, yuko mjini mpaka kesho kutwa, na anaweza kudai kumwona mfungwa. Lakini akienda na karatasi ya chakula atafungiwa mdomo kama sisi. Bila ushuhuda wa kweli, uliowekwa kidole, hawezi kumpelekea kitu. Na mimi nilikuwa nimeapa.

Nikaenda kwa Mama Solange jioni ile, kabla jua halijatua, nikamkuta anamenya viazi na watoto wamemzunguka. Nilimwomba. Alikataa. Alisema, "Unataka bazungu basome namna baba mukwe wangu alikuwa uchi?" Nikamwambia karatasi haitaenda sokoni. Akasema itakuwa imeandikwa, basi. Itakuwepo. Watoto wa watoto watasoma. "Nikisema, Riziki, atakufa na haya, na aibu." Na mimi, mtu wa hasira za haraka toka zamani, nikamjibu kwa sauti mpaka mtoto mdogo akashtuka: "Usiposema atakufa na njaa! Chagua!" Nilitaka kuyarudisha maneno hayo pale pale. Kisu kilibaki mkononi mwake, ganda la kiazi linaning'inia. Nilifikiri atanifukuza. Tena akainuka, akajifuta mikono, akaniambia nimngoje akaazime mtu wa kulinda watoto. Alipofika kwenye kiti chetu chenye mgongo alisema yote kwa Maître, mwanaume, ameegemeza uso ukutani, na mimi nikapiga kila neno kama lilivyotoka, uchi nikaandika uchi, chura nikaandika chura. Niliharibu karatasi mbili. Nilipomsomea hakutikisa kichwa haraka kama wale wengine. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni hivyo," akasema.

Asubuhi yake yeye alipika, mimi nikapeleka. Niliwaambia askari wa zamu, si wale wa jana yake, kwamba mimi ni mtoto wa jirani. Waliniruhusu nifike mlangoni, nikapitisha sahani. Sauti kavu kutoka gizani ikauliza: "Nani alipika?" Nikasema Tantini yangu, Mama Vumilia wa Mabanga. Tena nikasikia kijiko. Nawaambieni, nimesikia kwaya kanisani, nimesikia watoto wangu wanazaliwa, lakini sauti ile ya kijiko kwenye sahani ya bati sijaisahau. Alikula kidogo, akatapika kidogo, akala tena.

Siku ya tatu asubuhi, lori la kumpeleka kambini likiwa limeshasimama nje, mjumbe alifika na gari lake jeupe, na Maître, na mimi kama mkalimani. Komanda alikuwa amejiandaa. Alileta sahani, alileta wafungwa wa kusema hawapigwi, alimfunua hata mmoja mgongo kuonyesha hakuna alama. Mwanamke yule hakuuliza habari ya fimbo hata mara moja. Aliuliza kwa utulivu, na mimi nikatafsiri: siku ile mzee alipotolewa nje, nani alikuwa zamu? Komanda akasita, akamwangalia askari aliyesimama mlangoni, na yule askari, kijana mwenye uso wa kawaida kabisa, akajibu bila woga wowote, karibu anatabasamu. "Ile siku? Hatukumupiga! Tulimuchezesha tu. Tulimutosha nguo, akaruka chura, tukacheka kidogo." Nilitafsiri. Sikupunguza. Mjumbe akamuuliza kama kulikuwa na mtu wa familia anaangalia. "Ndiyo, bibi wa mutoto wake," akasema, "njo ilichekesha." Komanda alimkemea, lakini neno lilikuwa limeshatoka mbele ya mashahidi na kalamu ya mjumbe ilikuwa inakimbia. Alipomaliza kuandika alimweleza komanda, kwa sauti ile ile tulivu, kwamba hicho alichokiita mchezo kina jina katika sheria, na kwamba ripoti yake itakuwa na jina la komanda pia. Komanda akavua saa yake, akaivaa tena. Alisema kijana atapewa adhabu. Alisema muzee alikuwa wa kuachiwa hata hivyo. Lori lile liliondoka na wengine wawili ambao hatukuwa na karatasi zao, na hilo sitalifuta hapa.

Muzee alitoka kwa miguu yake, Maître amemshika kiwiko. Tulipofika njia panda ya kwenda nyumbani kwake alisimama. Akasema hapana. Tukampeleka kwa Tantini, tukamtandikia mkeka sebuleni, karibu chini ya meza ya mashini, na pale akakaa siku nne ameelekeza uso kwenye mbao za ukuta. Mama Solange alikuja kila siku kwa mlango wa nyuma, akapika jikoni kwetu nyuma ya rido bila kukohoa, na mimi nilibeba sahani hatua sita mpaka kwa muzee nikisema Tantini amepika. Alikula nusu, wakati mwingine chini ya nusu. Alikuwa ameachiwa na bado hakuwa huru, na yule mwanamke nyuma ya rido pia. Nilisikia mara moja Tantini anamnong'oneza, "Atakufa hapa hapa kwangu, mama," naye akaendelea kupika.

Siku ya tano Maître alisema ushuhuda wa muzee mwenyewe lazima usainiwe ili faili liende pamoja na ripoti. Muzee alikuwa amesema machache: walinichukua, walinifungia, sikulala. Nikamwambia kuna karatasi nyingine inayomhusu, na sheria inataka nimsomee. Sikutaka. Maître alinitazama, nikasoma. Nilisoma kwa Kinyarwanda, sikuruka kitu. Nilipofika kwenye kile kidevu kilichogeuzwa, muzee alifunga macho. Nilimaliza. Nje mtu alikuwa anasukuma chukudu, lile baiskeli la mbao la mizigo, juu ya mawe, likapita na kelele zake zote kabla muzee hajafungua kinywa.

"Nani alisema hii?"

"Ni yeye mwenyewe, muzee. Alisema juu weye usikufe."

Nilidhani atainuka aende barabarani asirudi. Badala yake akamuuliza Maître kama kweli neno lile, la kumvua mtu heshima, liko ndani ya sheria, au wanasheria wameliweka kwa ajili ya kumhurumia. Maître akafungua kitabu kile kilichookoka moto, akamwonyesha mstari, ingawa muzee hakujua kusoma. Muzee akaweka kidole juu ya mstari ule.

"Waliandika wakati gani?"

"Zamani, muzee," Maître akasema. "Weye ulikuwa ungali kijana, unachunga ng'ombe."

"Mbali?"

"Mbali sana."

"Basi kuna batu walishafanyiwa hivi, kule mbali, kabla yangu."

"Bengi, muzee. Bengi sana."

Muzee alivuta karatasi, akachovya gumba kwenye wino, akakandamiza kwa nguvu hata wino ukavuja pembeni. Aliangalia gumba lake jeusi muda. Kisha, bila kugeuka, kumbe alijua nani yuko nyuma ya rido, akaita kwa sauti kubwa ambayo hatukujua bado anayo: "Mama Solange! Njaa iko inaniuma."

Nyuma ya rido kifuniko cha sufuria kilianguka. Alitoka amejifunika kikwembe mpaka kwenye nyusi, akapiga magoti, akaweka sahani, bugali na maharagi, akaanza kurudi kinyumenyume kama inavyotakiwa. Muzee akanyoosha mkono juu ya chakula.

"Baki hapo," akasema.

Akabaki, magoti chini, uso umeinama. Muzee akakata bugali, akachovya, akala mbele yake, polepole, mpaka sahani ikawa tupu, na alipomaliza aliinua macho akamtazama, naye Mama Solange akamtazama.